Mwalimu Anayevaa Makosa ya Darasa

Vipimo vya mke wangu vimeandikwa ubaoni. Kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono kutoka begani hadi kifundoni, vyote viko pale kwa chaki nyeupe, kwenye darasa la mwaka wa kwanza la chuo cha ushonaji, na kila mwaka wanafunzi wapya humpima upya na kufuta vya zamani. Nusu ya mji huu inajua kiuno chake kimeongezeka kiasi gani tangu tuoane. Mimi mumewe nilijulishwa na mwanafunzi aliyekuja kunyolewa.

Mimi ni kinyozi. Kazi yangu ni kuhakikisha mtu anatoka mlangoni kwangu nadhifu kuliko alivyoingia, na katika kazi hiyo sina mzaha. Sasa nifikirie mimi, niliyeoa mwanamke ambaye kila Jumatatu hutoka nyumbani kwetu amevaa kitu ambacho ungedhani kimeshonwa gizani na mtu mwenye hasira. Wiki hii kola imekaa upande, wiki ijayo pindo limepanda mbele na kushuka nyuma, mara mfuko umeshonwa ukazibwa kabisa, hauingizi hata kidole. Naye anapita sokoni hivyohivyo, anasalimia watu, anasimama benki kwenye foleni, wala hana habari.

Ilianza mwaka wake wa pili wa ualimu. Wakati ule wanafunzi walishona nguo ya kwanza, mwalimu akaweka alama kwa kalamu nyekundu, nguo ikatupwa stoo. Siku moja binti mmoja akauliza, bila adabu lakini kwa haki kabisa, sasa hii nguo nani ataivaa. Darasa likacheka. Mke wangu akajibu kwamba ataivaa yeye, na Jumatatu iliyofuata akaivaa. Tangu siku hiyo, miaka ishirini na miwili sasa, kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anamshonea mwalimu nguo yake ya kwanza, na kila Jumatatu mwalimu anavaa moja kutoka asubuhi hadi jioni.

Hatoi alama. Jioni anamwita mwenye nguo na kumweleza siku ilivyokwenda. "Saa nne, nilipoinua mkono kuandika ubaoni, nguo yote ilinifuata juu. Saa sita, nilipokaa, kifungo cha tatu kilitaka kuondoka." Basi, hasemi zaidi. Kosa lilikoanzia, mwanafunzi atalitafuta mwenyewe, na nawaambia kweli, wanalitafuta kama mtu aliyepoteza funguo za nyumba. Nimewaona wameketi kwenye ngazi za chuo saa ya chakula, wanabishana kuhusu kwapa mpaka chakula kinapoa. Mimi shuleni nilibishana kuhusu mpira tu.

Si kila mtu aliipenda njia hiyo. Mwalimu wa mwaka wa pili, ambaye chuo kizima kinamwita Bwana Rula kwa sababu hatembei bila rula, alikuwa na mpango wake. Alitaka wanafunzi wapya washone karatasi kwa miezi sita: sindano bila uzi, kufuata mistari iliyochorwa, na asiyeweza arudi kwao mapema. Kitambaa wakione baada ya hapo. Si mtu mbaya. Namnyoa mwenyewe, na hata kwenye kiti changu hukaa wima utadhani anapigwa picha. Lakini mkuu wa idara ya ushonaji alikuwa anastaafu, waombaji wa nafasi hiyo walikuwa wawili, Bwana Rula na mke wangu, na yeyote atakayeipata ndiye angeamua wanafunzi wapya wafundishwe vipi.

Usaili ulikuwa umepangwa kufanyika siku ya Alhamisi. Ijumaa mchana ya wiki iliyotangulia, likabandikwa tangazo kwamba umesogezwa mbele: bodi ya chuo itakaa Jumatatu asubuhi. Nilipolisikia nilihesabu vidole na moyo ukanishuka, kwa sababu nilijua Jumatatu hiyo ni zamu ya nani.

Ilikuwa zamu ya Mama Pacha. Huyu alikuwa mwanafunzi mkubwa kuliko wote darasani, miaka thelathini na minane, amezungukwa na vijana wa kumi na nane. Alikuwa mfagiaji wa wodi hospitalini miaka kumi na mitatu. Shule aliachia darasa la tano. Alikuja chuoni kwa sababu alitaka, kabla hajazeeka, kutengeneza kitu kitakachobaki, maana sakafu, alivyosema yeye, ukimaliza kuifagia mtu anaikanyaga. Darasani hakusema neno. Mke wangu alinieleza kwamba kwa wiki kumi na tano hakuwahi kusikia swali lake hata moja, na jambo hilo lilimkosesha raha kuliko kola zote za upande.

Jumapili mchana Mama Pacha alinijia dukani. Alingoja mteja wa mwisho atoke, akakaa kwenye ukingo wa benchi na mkoba wake mapajani.

"Kaka," akasema, "lile gauni langu usimwache Mwalimu alivae kesho."

Nilimuuliza kwa nini, ingawa gauni nilikuwa nimeliona na sababu niliijua vizuri. Akaniambia amesikia habari ya usaili. Akasema wenzake wameliona gauni na wamecheka mpaka wakalia machozi. Kisha akanitazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Akilivaa mbele ya wale watu, akikosa nafasi kwa ajili yangu, mimi naandika barua ya kuacha chuo. Narudi kwenye ufagio wangu. Nakwambia ukweli."

Nilimwahidi. Na niseme wazi, sikuahidi kwa huruma tu. Nilitaka mke wangu apate ile nafasi, nilitaka aingie kwenye kile chumba na suti yake ya bluu inayomkaa vizuri, na hapa nimeletewa sababu njema kwenye sahani. Jioni, yeye akiwa bafuni, nikalichukua gauni kwenye hanga, nikalikunja, nikalipeleka dukani na kulitia kwenye droo ya taulo. Nikalala usingizi mzuri sana.

Asubuhi akafungua kabati, akatazama hanga tupu, akanigeukia. Hakuuliza gauni liko wapi. Ameishi na mimi muda mrefu.

"Rudisha gauni la watu," akasema.

Nikamweleza yote, maneno ya Mama Pacha neno kwa neno, na kwamba ameapa ataandika barua. Nilidhani nimemfunga mdomo. Alikuwa amekaa kitandani anafunga viatu, hakuinua hata kichwa.

"Nisipolivaa hataandika barua," akasema. "Atakaa darasani miaka miwili akijua nimevaa nguo za kila mtu isipokuwa yake. Mwili utakuwepo, yeye ameshaondoka. Nikimpoteza, heri nimpoteze akiwa ananidai maelezo."

"Na nafasi yako?"

"Kama hawanitaki kwa namna ninavyofundisha, wananitakia nini?"

Ukioa mwalimu, zoea kushindwa kabla ya chai. Nikaenda dukani, nikalitoa gauni, na kwa kuwa mimi ni kinyozi na siwezi kuvumilia mikunjo, nikalipiga pasi.

Lilikuwa hivi. Gauni la vifungo mbele, kitambaa chenye maua makubwa mekundu. Nusu ya kulia, maua yanawaka. Nusu ya kushoto, kitambaa kimewekwa ndani nje, maua yamefifia kama yamefuliwa miaka sita. Mkono wa kulia sawa. Wa kushoto ulikuwa na ugomvi na bega: ukiuacha chini umetulia, ukiunyoosha mbele unavuta gauni lote upande. Mke wangu alijitazama kwenye kioo, akageuka huku, akageuka kule, akasema kitambaa ni kizuri. Nikafunga duka asubuhi ile nikamsindikiza.

Chumba cha mikutano cha chuo kiko ghorofa ya chini, na madirisha yake hufunguliwa kwenye ukumbi mrefu wenye benchi. Nikakaa hapo, chini ya dirisha. Bwana Rula alikuwa anatoka, suti ya kijivu aliyoishona mwenyewe, na mimi nasema, ingawa inaniuma, hapakuwa na mshono mmoja uliokosea njia. Alimwona mke wangu, akafumba macho kidogo, akamshikia mlango apite. Huo ni uungwana, sikuuchukulia vingine.

Ndipo nikamwona Mama Pacha. Alikuwa amesimama mbele ya meza ya karani, mwisho wa ukumbi, na bahasha mkononi. Alikuwa ameshamwona Mwalimu akiingia, na ile barua ya kuacha chuo alikuwa ameshaiandika. Karani akamwambia mkuu wa chuo yuko kwenye bodi, asubiri ampe mwenyewe. Benchi lilikuwa moja tu. Akaja akakaa upande wa pili, bahasha mapajani, akatazama ukuta. Nilitaka kumwambia kwamba nilijaribu. Sura yake haikunipa nafasi.

Ndani walikuwa watano. Mwenyekiti wa bodi alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara, kwa hiyo yeye tulimsikia vizuri kuliko wote. Akamuuliza mke wangu kama alijua leo ni siku ya usaili. Mke wangu akasema alijua.

"Hilo gauni kashona nani?"

"Mwanafunzi wangu wa wiki ya kumi na tano."

"Ana matatizo gani?"

Mmoja akacheka, nadhani mkandarasi wa majengo aliyekaa mwisho wa meza. Nikatazama upande wa pili wa benchi. Mama Pacha alikuwa anaibana bahasha kwa mikono miwili. Mimi damu ilinipanda. Kidogo niingie kwa dirisha.

Mke wangu hakukasirika. Naijua sauti yake ya hasira, na hii ilikuwa nyingine, ile anayotumia anapofundisha. "Mimi nimelivaa tangu saa kumi na mbili, najua linanibana wapi," akasema. "Nyinyi mna faida ya kuliona lote. Niambieni kosa lilianzia wapi."

Nadhani hawakuwa wamejiandaa kuulizwa. Mkandarasi akasema jibu ni rahisi, kitambaa kiliisha, akalazimika kutumia upande mbaya. Mke wangu akasema kitambaa kilitosha, na vipande vyote vilikatwa kutoka kitambaa kilekile. Mwenyekiti akamwambia ageuke. Kisha ainue mkono. Gauni likapanda upande, na nikasikia kiti kinasukumwa, halafu kingine. Nilisimama nikachungulia. Wajumbe walikuwa wamemzunguka mke wangu. Mkandarasi alikuwa amevua koti lake na anatazama mikono yake kwa ndani, anailinganisha, na mjumbe mwingine anamwambia hapana, tazama pale juu, mbele pamekatwa zaidi kuliko nyuma. Mkandarasi akasema miaka hamsini amevaa makoti na hakuwahi kujua kwamba mkono una mbele na nyuma. Alisema kama mtu aliyeokota kitu.

Wakabishana. Mke wangu alisimama katikati amenyamaza, na mimi nikamjua, hiyo ndiyo sehemu anayoipenda kuliko zote. Mwisho mwenyekiti akasema tumeona mkono, haya, lakini hii nusu ya ndani nje imetokeaje kama kitambaa kilitosha?

"Naweza kukisia," mke wangu akajibu. "Lakini aliyekuwa ameshika mkasi ni yeye. Anayejua ni yeye."

"Anaweza kuitwa?"

Mdomo wangu umeniponza mara nyingi maishani, na siwezi kusema nilifikiri. Niliingiza kichwa dirishani nikasema yuko hapa nje.

Mama Pacha alinitazama kwa jicho ambalo sikulistahili kabisa, au nililistahili lote. Lakini mwenyekiti alikuwa ameshaita kwa ile sauti yake, na mtu aliyefanya kazi hospitalini miaka kumi na mitatu akiitwa na mkunga husimama. Akaingia na bahasha yake, kwa kuwa hakuwa na pa kuiweka.

Wakamuuliza. Mkuu wa chuo akafungua mdomo kusaidia, na mke wangu akamzuia kwa kiganja. Kilipita kimya kirefu sana. Mimi ningekijaza kwa maneno mia, ndiyo maana si mwalimu.

"Naomba karatasi," Mama Pacha akasema.

Kila mtu akatazama makaratasi yake ya kikao, hakuna aliyetoa. Mama Pacha naye hakungoja. Akachana bahasha, akatoa barua, akailaza mezani. Akafungua mkoba akatoa mkasi.

"Huku kwenye maandishi ndiyo maua," akasema, na sauti yake ilianza chini. "Nyuma kweupe ndiyo ndani ya kitambaa."

Akaikata barua vipande viwili. Akavilaza vyote maandishi juu. Akachonga shingo na kwapa kwenye kimoja, upande wa kulia, kisha akachonga cha pili vilevile, upande uleule. Akavisukuma karibu karibu waone. Vilikuwa viwili vya mbele, vyote vya kulia.

"Nilipomaliza kukata cha kwanza nilitakiwa kuigeuza ile karatasi ya kipimo, ndiyo nikate cha pili. Sikuigeuza. Nikapata watu wawili wa kulia." Akakipindua kimoja, maandishi yakaenda chini, na vile viwili vikakaa mezani kulia na kushoto kama inavyotakiwa. "Nikaona nikikipindua vinapatana. Ila maua yanaingia ndani."

Mkandarasi akainama mpaka pua ikakaribia meza. Akauliza, na mkono je?

Mama Pacha akamtazama Mwalimu wake, lile bega la kushoto, akatazama muda. Mimi kutoka dirishani niliona uso wake unavyobadilika.

"Mkono nao," akasema polepole. "Mkono nao nilikata wa kulia miwili. Ila huu sikuupindua." Kisha akacheka. Alicheka kicheko cha kweli, cha sauti, mbele ya bodi nzima. "Mwalimu, nilikuwa nalala nao nautafuta. Wiki nzima! Umevaa mkono wa kulia kwenye bega la kushoto."

Macho yangu yalijaa maji na sioni haya kusema. Mwenyekiti akachukua karatasi yake ya ajenda, akaikata katikati, akajaribu mwenyewe, akakosea vilevile, na Mama Pacha akamwelekeza. Usaili uliopangiwa dakika ishirini ulikwenda saa nzima, na sidhani waliuliza lile swali la mipango ya miaka mitano.

Nafasi aliipata. Barua ilikuja baada ya siku tisa, na Bwana Rula alikuja nyumbani kupongeza akiwa amenyooka vilevile. Alikuwa amehadithiwa yote, na alishikilia kwamba hoja iliyoshinda ni yake, maana mwisho wa mambo mtu alijifunza kwa kukata karatasi. Mke wangu alimkubalia na kumwongezea chai. Mpaka leo wanabishana, na chuo kinafaidika.

Lakini mimi nikisimulia habari hii sipendi kuimalizia kwenye cheo. Naimalizia palepale ukumbini, walipotoka. Karani aliinua kichwa kwenye meza yake, mtu wa kazi yake, akamkumbusha Mama Pacha kwamba mkuu wa chuo sasa yuko huru, ile barua aliyotaka kumpa iko wapi.

Mama Pacha alikuwa na vipande vyake viwili mkononi, shingo na kwapa zimekaa vizuri.

"Nimeikata, dada," akasema.

Karani akauliza kama ataandika nyingine. Sidhani alisikia. Alikuwa ameshavitia vile vipande mkobani na anatafuta wembe. Alimshika mke wangu kiwiko, akamsogeza karibu na dirisha kwenye mwanga, akauinua ule mkono wa kushoto na kuanza kufumua mshono wa begani, palepale, mbele ya wapita njia. Mke wangu akageuza shingo aone anavyofanya.

"Usitikisike, Mwalimu," Mama Pacha akasema, na Mwalimu akatulia.